Masizi ya Gari Namba Kumi na Nne

Gari namba kumi na nne lilikuwa limesimama, na injini yake ilikuwa inanguruma. Dakika ya thelathini na sita sasa.

Msimamizi wa magari alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Mbele yake, kwenye skrini, mstari wa chujio la moshi ulikuwa umepanda hadi asilimia themanini na tisa, mwekundu kama jicho la mgonjwa. Umeme ulikuwa umekatika tena. Jenereta la uani lilitosha kompyuta tu. Feni zote zilikuwa zimenuna.

"Kobe tena!" alisema. "Huyu mzee ameapa kunitoa roho."

Magari ishirini na mawili ya dizeli, yote ya kusambaza mikate, yalikuwa chini ya macho yake. Mtambo wake haukuonyesha barabara wala mtaa. Ulionyesha injini tu: joto lake, mzunguko wake, na masizi yaliyonaswa kwenye chujio. Gari likikimbia, joto huyachoma masizi hayo na chujio likabaki safi. Likisimama huku linanguruma, masizi hujaa kama kamasi puani, na siku moja chujio hufa. Kobe, dereva aliyepachikwa jina hilo kwa mwendo wake wa kunyata, alikuwa ameshaua machujio mawili mwaka huu.

Madereva walimwita Mama Masizi, na yeye alijua. Wacheke. Mama yake mzazi aliuza nguo miaka thelathini mbele ya kituo cha malori, akimeza moshi wa kila mwenye injini mbovu, na leo hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni. Anapumua kwa mashine, mirija puani. Mwezi uliopita, umeme ulipoanza hii tabia ya kukatikakatika, binti alitaka kuacha kazi akae naye. Mama akakataa katakata.

"Kuna jirani ananiwashia," alisema. "Wewe baki na kazi yako."

Jirani mwenye jenereta na mwenye utu; Mungu ampe maisha marefu. Hata leo, umeme ulipokatika, ujumbe wa mama ulikuwa wa neno moja tu: Ameshawasha. Basi binti akarudi kwenye hasira zake bila wasiwasi. Mtu aliyemwona mama yake akihangaika kutafuta pumzi hawezi kufundishwa na dereva kwamba masizi ni jambo dogo.

Alimpigia Kobe.

"Zima gari."

"Kwa hisani yako, bosi, nivumilie saa moja tu. Kuna mtu hapa..."

"Kila dereva ana mtu! Mikate inakauka humo ndani, gari linawatapikia watu moshi milangoni mwao, halafu wewe unaniletea habari za mtu!"

"Kwa hisani yako, nisikilize kidogo..."

Alikata simu.

Fundi mkuu, aliyekuwa akinywa chai pembeni, aliinama kwenye skrini. "Hebu ngoja. Kuna kitu kinavuta umeme mwingi wa gari. Hii si redio."

"Kiyoyozi. Amejilaza."

"Mbona jana hakusimama hata dakika tano? Wala juzi. Lakini Jumatatu alikaa saa nzima na nusu."

"Usingizi hauna ratiba."

Fundi alicheka, kisha akaona kidole cha mwenzake kinaelekea wapi. Kitufe cha kufuli waliwekewa kwa ajili ya siku ambayo chujio linakaribia kushika moto. Ukikibonyeza, injini inazimika na haiwaki tena mpaka saa nzima ipite, ili chuma kipoe. Hata mwenye kampuni aje apige magoti, haiwaki.

"Hasira hasara, dada."

"Hasara ni chujio la tatu."

Asilimia tisini na tatu. Alibonyeza.

Mzunguko wa injini ulishuka hadi sifuri. Aliegemea kiti, akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Alijisikia vizuri, wala hakuona haya kujisikia hivyo.

Kobe alipiga. Hakupokea. Akapiga tena. Msimamizi aliifudikiza simu mezani. Apige mpaka kidole kiote sugu. Fundi alichukua kikombe chake akatoka.

Simu ililia mara ya tatu. Aliigeuza ili aizime kabisa, akakuta jina la mama. Sauti yake ikalainika yenyewe.

"Shikamoo, mama."

Aliyejibu alikuwa mwanamume, anahema kama aliyepanda ngazi mbio.

"Kwa hisani yako, dada, hunijui. Namba yako imeandikwa Binti. Mama yako midomo imeanza kubadilika rangi. Mashine yake huwa naiwashia kwa gari la kazi, sasa ofisini wamelifunga, na simu hawapokei. Kwa hisani yako, wewe humfahamu mtu yeyote anayeweza kumwomba Mama Masizi alifungue?"

Kwenye skrini, kufuli lilikuwa limebakiza dakika hamsini na sita.