Chumba Kisichosahau

Siku hizi vyumba vya hoteli zilizo karibu na uwanja wa ndege havisahau familia iliyowahi kulala humo. Mwanasha alipoingia na mwanawe Badi, chumba kilimtambua papo hapo. Kikamkunjulia kitanda kidogo cha utotoni, kikaleta harufu ya mahamri, kisha sauti ya marehemu mama yake ikaita, "Shasha, umenawa miguu?"

"Nimenawa, Mama," akajibu, machozi yakimlengalenga.

Magharibi ikaingia. Saa kama hiyo, mama yake hakukubali kamwe watoto wa jirani wabaki kwake.

"Shasha, mwambie huyo mtoto wa watu arudi kwao. Giza linaingia."

Badi akamshika mama yake mkono. "Bibi anamsema nani?"

Mlango ukafunguka wenyewe.