Muhuri Mpya

Wakili aliwakabidhi hati ya usajili, akasema kampuni yao ya sabuni sasa inaweza kukopa na kushtakiwa kama mtu mzima. Kilichobaki ni kufungua akaunti benki.

Tunu hakumsikiliza vizuri. Macho yake yalikuwa kwenye muhuri wa kampuni, ambao Nyange, mtoto wa kaka yake na mbia wake, alikuwa ameuweka mezani ndani ya kiboksi.

“Nimeutoa kwa fundi sasa hivi, shangazi. Haujagusa wino.”

Tunu aliutoa, akaugeuza. Herufi za jina la kampuni zilikuwa na unyevu wa zambarau.

“Na hii?”

“Aa, hiyo... fundi aliujaribu.”

“Kwenye karatasi gani?”

“Shangazi bwana! Nitajuaje makaratasi ya fundi?” Nyange alicheka, akamtazama wakili. Wakili akaanza kupanga mafaili yake.

Tunu akaufunga muhuri kwenye pindo la kanga, akakaza fundo, kisha akanyoosha mkono. “Haya, hongera, mbia wangu.”

Yeye ndiye aliyemlea Nyange, akamfunza kula na kusalimia kwa mkono wa kulia. Nyange akampa wa kushoto. Wa kulia ulibaki mfukoni.