Mwendo wa Risasi za Huseni

Risasi ya tatu ililia, na kioo cha kifaa kikabaki na mistari miwili mitupu, bila namba.

"Rudia," alisema Hadija.

Wenceslaus alikiinua kile kisanduku cheusi, kidogo kama redio ya mkononi, akakikung'uta. Kilikuwa rada ya kupimia mwendo wa risasi: unakiweka ubavuni mwa mtutu, bunduki ikilia kinaifuata risasi hewani na kuandika kasi yake. Wenceslaus alikuwa fundi wa silaha wa ofisi ya wanyamapori, na leo boti ilikuwa imewarushia maji njia nzima hadi Mbwera.

"Kimelowa," alisema. "Chumvi ya huku haina adabu."

Akakifuta, akabadilisha betri.

Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya magogo, ikitazama tuta la udongo mwisho wa shamba la mpunga, na fundi aliivuta kwa kamba akiwa nyuma. Ilikuwa bunduki ya Huseni, mume wa Hadija, askari wa wanyamapori wa kijiji. Risasi nazo zilikuwa zile alizoziacha kwenye boksi lake. Kiboko aliyekuwa akisumbua mashamba alipoingia tena mpungani alfajiri moja, Huseni alimwendea peke yake, akapiga kwa karibu, akapiga tena na tena. Kiboko hakusimama mpaka alipomuua.

Kijiji kilimzika vizuri, kisha kikaanza kumsema. Kwamba aliogopa. Kwamba alifumba macho, akapiga hewa. Binti yake Warda aliacha kwenda chuoni kusoma Kurani, maana wenzake wakimwona waliigiza mlio wa bunduki kwa midomo, halafu wakatimua mbio wakicheka.

Hadija alikaa eda yake yote akiyasikia hayo kupitia ukuta wa fito. Alipotoka tu, alipanda boti, akafika Kibiti, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakachoka kumwona, wakampa fundi. Alitaka jambo moja: ijulikane kwamba mumewe hakuogopa, alipewa silaha mbovu.

"Hata mashine inaona aibu kusema," alisema Abubakary. Alikuwa kaka wa marehemu, na alfajiri ile alikuwa juu ya dungu lake, akilinda mpunga, akaona yote kwa mbali. "Shemeji, tumwache mtu wetu apumzike."

"Apumzike na jina hilo mlilompa?"

"Mimi nimesema nilichokiona."

"Ulichokiona ni mdogo wako anakufa. Mengine umeongeza mwenyewe."

Abubakary akageukia bunduki.

Wenceslaus alikisogeza kifaa karibu na mtutu, akakigeuza kidogo, akaliondoa bati lililokuwa jirani lisije likakichanganya. Akachungulia ndani ya mtutu, akaukuta wazi; risasi zilikuwa zimetoka. Akavaa vya kuzibia masikio, akavuta kamba. Mistari miwili.

"Fundi," alisema Abubakary, "hebu vua hayo madude ya masikioni. Bunduki yako inalia kama mlango wa choo. Na siku ile ililia hivi hivi. Nikadhani ni umbali."

Wenceslaus alivivua taratibu. Akasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Kisha akapiga magoti mbele ya kifaa na kuanza kubonyeza. Kilikuwa na sehemu ya kuchagua unapima nini: bunduki, bastola, mshale. Ukikiambia ni bunduki, hakijishughulishi na kitu kinachokwenda polepole.

Akachagua mshale. Akaweka risasi nyingine, akavuta kamba.

Kioo kikawaka papo hapo.

"Thelathini na tisa," alisoma. "Mita, kwa sekunde."

"Ni nyingi?" aliuliza Hadija.

"Ilipaswa kupita mia sita, mama. Mtoto mwenye manati anaishinda hii."

"Kwa hiyo hakupiga hewa."

"Huenda kila moja ilimpata. Zilimgonga kiboko kama kokoto, ndiyo maana hakusimama."

Hadija alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukalegea. Abubakary alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shemeji. Nimemtukana ndugu yangu akiwa kaburini."

"Usiniombe mimi. Ijumaa simama msikitini, uwaambie wote waliokusikia."

"Nitasimama."

"Na ofisi nayo itaje ni nani aliyempa mume wangu risasi hizi. Nataka nimwone usoni."

"Hilo tutalijua," alisema Wenceslaus. Alichukua risasi moja iliyosalia kwenye boksi, akaibana kwa koleo, akaing'oa kichwa. Baruti ilipaswa kumwagika kama mchanga mkavu. Ilitoka bonge.

"Imeingia maji," alisema. Akalivunja lile bonge kwa kidole, akalisogeza puani. Akakunja uso, akanusa tena. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mgeni wa mambo ya pwani. "Hii si mvua, wala si mto. Inanukia waridi. Na hii rangi ya manjano sijawahi kuiona kwenye baruti. Stoo kwetu hakuna kitu cha namna hii. Baada ya Huseni kuzipokea, nani mwingine alizishika?"

Abubakary aliinua uso, akamtazama shemeji yake. Hadija alikuwa amekwisha kukaa chini, kwenye tope.

"Usiku wa kuamkia siku ile nilimletea kombe kutoka kwa maalimu, aya alizoandika kwa zafarani na kuziosha kwa maji ya waridi," alisema. "Nusu akanywa. Nusu nyingine nikazilowekea risasi mpaka alfajiri, ili zisimkose kiboko."