Dakika Kumi za Bi Taratibu

Kila Bi Taratibu alipofungua mdomo kusalimu, aliyesalimiwa alitazama saa.

Alianza mlinzi wa chuo. "Habari za asubuhi, baba," na mlinzi akainua mkono, akasoma saa, akakunja uso kama mtu anayechelewa mahali. Akafuata karani wa maktaba. Akafuata mkuu wa shule, ambaye hata saa ya mkononi hakuwa nayo. Aligeuka akaitafuta ukutani. Bi Taratibu alikuwa mtu mzima, aliielewa lugha ya wenye vyeo: maliza, mama, uende zako.

Alimaliza, akaenda zake. Mwezi wa tano huu tangu astaafu, na alikuwa akitafuta jambo moja tu: mahali pa kusimama aseme, na watu wamtazame. Soli za viatu zilikuwa zimelika upande mmoja. Mkobani alikuwa na hotuba moja, kurasa nne, jina lake "Kawia Ufike," na kila alikoipeleka alirudi nayo haijakunjuliwa.

"Umewahi kuhutubia wapi?" waliuliza.

"Sijawahi kusimama mbele ya watu."

"Basi pata uzoefu kwanza, ndipo uje."

"Huo uzoefu unauzwa duka gani?" alimwuliza mkuu wa shule, na mkuu wa shule akatazama tena ukutani.

Nyumbani, binti yake alimsikiliza akifanya mazoezi, huku mwenyewe anapiga pasi.

"Mama, mbona kila kitu unakisema mara mbili?"

"Ili aliye mbali naye asikie."

"Aliye mbali nani? Sebule yenyewe hatua sita!" Binti alicheka. "Na hiyo sauti. Haipandi, haishuki. Ndiyo maana mtaa mzima wanakuita Bi Taratibu."

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Ulifundishwa kusoma karatasi kwenye kijichumba kisicho na dirisha. Miaka ishirini na minane! Pumzika sasa, mama. Wenzako wanalea wajukuu."

"Lete mjukuu nimlee," alijibu Bi Taratibu, na binti akaiinamia pasi.

Ila neno lilikuwa limemwingia. Miaka ishirini na minane ya kusema, na hakuna aliyewahi kumwona usoni akisema. Hata siku ya kuagwa, bosi mwenyewe alimkabidhi zawadi, akamwinamia sikioni: "Samahani, mama, wewe ulikuwa idara gani?"

Bahati ilimjia mchana wa Jumamosi, tena kwa mlango wa nyuma. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walikuwa na mkutano wao wa mwaka, na msemaji waliyemwalika alikuwa amepiga simu kwamba haji. Bi Taratibu, aliyeketi kwenye ngazi za ukumbi akipumzisha miguu, alimsikia mwenyekiti wao akilalamika. Akainuka, goti moja likilia.

"Mimi nina hotuba," alisema.

Mwenyekiti akatazama saa.

"Dakika kumi," alisema. "Lakini nikwambie ukweli, mama. Watu hawa wako humu tangu asubuhi. Wanakaa mbali, wanakuja kazini kwa treni na kurudi kwa treni, mwaka nenda mwaka rudi. Wamechoka. Ukiwachosha zaidi watakukimbia."

"Wasiponikimbia?"

"Wakikaa mpaka umalize, barua nitakuandikia mwenyewe. Tuna matawi kumi na moja. Utayazunguka yote."

Matawi kumi na moja! Bi Taratibu akaitoa hotuba mkobani.

Ukumbini watu mia tatu walikuwa wamelegea vitini, wameshiba chakula cha mchana, mikoba miguuni. Wengine walikoroma bila aibu. Mwenyekiti alimtambulisha kwa sentensi moja, akarudi kitini, akaegemeza shavu kiganjani, akafumba macho.

Bi Taratibu alipanda. Nyuso ndizo zilizomtia hofu, hakuwa amezizoea. Kipaza sauti hakikumtisha hata kidogo. Alikishika kama mtu anavyoshika kikombe chake mwenyewe, akakiweka vidole viwili kutoka mdomoni, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawatazama watu anaosema nao.

"Mabibi na mabwana, naomba mnisikilize," alisema. "Mabibi na mabwana, naomba mnisikilize."

Ukumbi mzima ukainuka.

Hawakuzomea. Wala hawakumtazama. Waliokuwa wakikoroma walisimama kabla macho hayajafunguka. Mikoba ikapanda mabegani, viatu vikatafutwa chini ya viti, na watu mia tatu wakaelekea mlangoni wakisukumana kwa adabu, kama watu waliokwisha kusukumana hivyo maelfu ya siku.

Kurasa nne zilibaki mkononi. Matawi kumi na moja yalikuwa yanatoka mlangoni, na hata sentensi ya pili hakuwa ameifikia.

Mwenyekiti alipita mbele yake mbio, shati limechomoka, faili kwapani, usingizi bado uko usoni. Akamwona amesimama peke yake pale juu. Akamhurumia, akarudi, akamshika mkono.

"Mama, umeganda nini? Beba mkoba wako twende!" alisema akihema. "Hujasikia? Wametangaza treni."