Kidole cha Shekue

Sufuria ya Mwashamba ilianza kulia asubuhi, uji ungali motoni. Alijua maana yake: kuna sufuria moja imepasuka mahali, na zote zilizomiminwa nayo kwa mkupuo mmoja sasa zinalia majikoni mwa watu, wala hazitanyamaza mpaka zirudi tanurini.

Hii aliisubu kiwandani marehemu mumewe, Shekue. Kabla ya kumimina alumini, alikuwa akikandamiza kidole gumba kwenye mchanga wa kalibu, kwa hiyo kila sufuria yake ilitoka na kinundu kitakoni, chenye mistari ya kidole.

Mkusanyaji wa sufuria kutoka kiwandani akabisha hodi.

“Pole, mama. Ile iliyopasuka imepasukia hapo kwenye kidole. Palipo panene hupoa mwisho, ndipo panapoachia.”

“Mimi ndiye niliyemwomba aweke,” alisema Mwashamba. “Nisubiri kidogo, mwanangu.”

Akamimina uji kwenye bakuli, akaipoza sufuria, akakandamiza donge la unga pale kitakoni. Kidole cha Shekue kikabaki kwenye unga. Ndipo akamkabidhi mkusanyaji sufuria, ingali inalia.

Kufika jioni donge lilikuwa limekauka. Ufa ulipita katikati ya kidole, na Mwashamba akajikuta ametega sikio, akingoja lilie.