Ndege wa Kalenda

"Huyo si ndege, mkwe. Ni unywele."

Mhadhiri aliweka kikombe mezani polepole, kama mtu aliyetukanwa na mtu asiyepaswa kujibiwa. Ukutani nyuma yake ilining'inia kalenda ya miaka thelathini na moja iliyopita: bonde, mto, vilima vitatu vya samawati na, juu ya kilima cha katikati, alama nyeusi isiyozidi punje ya mtama.

"Baba," alisema kwa adabu zote, "wewe ulichapa. Kuchapa na kutazama ni kazi mbili."

Baba mkwe wake, ambaye katika kiwanda cha uchapaji walimwita Mzee Wino, alieleza bila haraka. Unywele wa brashi ya kusafishia ulinasa kwenye bamba la kuchapia rangi nyeusi. Alipougundua, kalenda zote zilikuwa zimeshafungwa. Mchoraji alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mjane wake aliufungia mchoro halisi chumbani na hakumruhusu mtu kuuona. Vitabu vyote vilivyofuata vikanakili kutoka kwenye kalenda.

"Na wewe umeuandikia unywele wangu kurasa mia mbili," alimalizia.

"Mia mbili na arobaini," mhadhiri alisahihisha.

Kitabu chake kilidai kwamba ndege huyo, kiumbe hai pekee katika mandhari tupu, ndiye ufunguo wa maisha ya mchoraji. Wahakiki walikubali. Chuo kilikuwa tayari kumpa uprofesa. Kilichobaki ni mhadhara wa Jumamosi, mbele ya mchoro wenyewe, ambao mjane alikuwa hatimaye amekubali kuutoa.

Binti alimfuata babake jikoni.

"Baba, na kama hayupo?"

"Hayupo."

"Watakuja watu mia tatu. Unamjua mume wangu. Akichekwa siku moja anaumwa mwezi mzima. Hili litammaliza."

"Basi aende akautazame mapema."

"Nimemwambia. Anasema ameutazama miaka ishirini."

Mzee alisuuza kikombe chake, akakifuta, akakisuuza tena.

Alhamisi mchoro ulipelekwa kiwandani ili rangi za kadi za posta zilinganishwe nao. Mzee Wino alikuwa ameshastaafu, lakini meneja alimwita. Hakukuwa na jicho jingine kama lake. Aliwatoa wafanyakazi chumbani kwa sababu ya vumbi, akafunga mlango, akakaa na mchoro tangu asubuhi hadi saa nane. Kisha akaufungasha mwenyewe, na dereva aliyekuja kuuchukua alikaripiwa mara mbili aushike pembeni tu.

Jioni binti alipiga simu.

"Umeuona?"

"Nimeuona. Mwache mumeo aseme."

"Kwa hiyo..."

"Mama, nimesema mwache aseme."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kitambaa kilipoondolewa, mhadhiri hakuutazama mto wala vilima. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja juu ya kilima cha katikati, na hapo likatulia. Ndege alikuwepo, mabawa mawili, mweusi, palepale alipokuwa siku zote.

Mhadhiri akamtafuta baba mkwe wake katika safu ya mbele na kumtazama kwa upole wa mtu anayesamehe.

"Wapo waliodai," alisema, "tena ndani ya nyumba yangu, kwamba huyu ni uchafu wa mashine."

Watu walicheka. Mzee Wino naye alicheka. Kando yake binti alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mhadhara ulikwenda dakika hamsini, na mkuu wa chuo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Alipopewa kipaza sauti, alimwita mhadhiri "profesa," akajifanya amekosea, akarudia.

Mwishowe mjane wa mchoraji aliletwa jukwaani kwa picha ya kumbukumbu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mizito. Hakumtazama mpiga picha. Aliusogelea mchoro mpaka pua yake ikakaribia kugusa kilima.

"Ajabu," alisema. "Nimelala na picha hii chumbani miaka yote hii. Huyu sijawahi kumwona."

"Huo ndio ustadi wake, mama," profesa mpya alijibu. "Alimficha hata wewe usimwone."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mjane hakuonekana kuridhika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akanyoosha kidole kumpapasa ndege.

Mzee Wino aliruka kutoka kitini. Miaka arobaini ya kuwafokea watu kiwandani ilimtoka kinywani kabla hajaweza kuizuia.

"Usiguse, mama! Rangi bado mbichi!"