Fundi Asiyeuliza

Orodha ya akaunti ambazo kompyuta ilizihifadhia maneno ya siri ilipojitokeza kwenye dirisha jeusi la amri, fundi alishusha macho kwenye kibodi. Ndiyo desturi yake: siri za watu hazisomi zaidi ya inavyolazimu. Fundi mwenye macho mengi haitwi mara ya pili, na yeye aliitwa kila nyumba.

"Zimehifadhiwa ngapi?" mjane alimuuliza kwa sauti ya chini, huku akiurudishia mlango wa ukumbini.

"Tatu, mama. Barua pepe, picha, na maabara ya hospitali."

"Zifute zote."

Alikwisha kumweleza. Mumewe alikuwa msahaulifu wa kutupwa. Neno la siri hakulijua hata moja, kompyuta ndiyo iliyomkumbukia. Sasa ni mwezi tangu azikwe, na kesho mashemeji wanakuja kugawana vitu vyake. Wangewasha tu kompyuta, wasome kila alichomwandikia mkewe, wacheke. Aliposema hivyo machozi yalimtoka, na fundi akaona uchungu wa kweli. Mashemeji wa namna hiyo aliwajua. Mama yake mwenyewe walimwachia mkeka na kuta.

Aliandika amri ya kwanza, barua pepe ikafutika. Ya pili, picha zikafuata. Kwenye mstari wa maabara akaona, bila kutaka, kwamba ilifunguliwa mara ya mwisho asubuhi ileile. Kidole kikasita. Juu ya meza palikuwa na trei yenye glasi, kijiko na chupa ya dawa isiyo na karatasi. Mjane naye anaugua, akajijibu, huzuni hukondesha. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Akabonyeza.

Kisha akajaribu kuingia, kama fundi yeyote anayehakiki kazi yake. Ukurasa wa maabara ukamdai neno la siri. Akajaribu tena, ukamdai tena.

"Hapo, mama, hata marehemu akifufuka haingii. Na jipya hapewi, maana lingetumwa kwenye barua pepe, nayo imefungwa."

Mjane akacheka, kwa mara ya kwanza tangu fundi aingie. Fundi alifurahi kwamba walau amemwondolea mtu mzigo.

Alikuwa anakunja waya wake mlango wa chumba cha kulala ulipogongwa polepole, kutoka ndani.

"Mke wangu," ilisema sauti dhaifu ya mwanamume, "fundi kashafika? Mwambie anifungulie yale majibu ya maabara. Nataka nijue ni kitu gani kinanimaliza hivi."

"Kunywa dawa kwanza, baba," mwanamke alijibu.

Akajaza glasi, akamtazama fundi. Fundi akashusha macho kwenye kibodi.